Shajara ya kijitabu cha Kiitaliano, Mikindani

28 Mei

Orodha imefika mkononi. Ni karatasi za kozi fupi ya hoteli waliyosoma baadhi ya vijana wetu: sentensi za Kiingereza za kila siku upande wa kushoto, na upande wa kulia mistari mitupu. Wanataka mistari ile ijazwe Kiitaliano. Wengi wao wanajiandaa kwenda Unguja kutafuta kazi, na waliotangulia wamewaambia kwamba kule Kiwengwa mgeni wa kila siku ni Mwitaliano, na kwamba "ciao" peke yake haimfikishi mtu popote kwa kuwa kila mtu ufukweni anayo.

Kuna ombi la pili, limekuja kwa mdomo. Baadhi wameshaambiwa kwamba kibao cha kifuani kiwe na jina ambalo mgeni atalitamka bila kuumauma ulimi. Kwa hiyo wanataka na majina yao tuyageuze. Hilo nimeliandika chini ya karatasi na kuliwekea alama ya kuuliza.

Tutakutana jioni, baada ya Alasiri, kwenye baraza ya mzee mmoja njia ya kupandia Boma, lile walilojenga Wajerumani mwaka 1895. Mzee hajifunzi, ila hakosi. Wa kutukagua yupo: sista mmoja aliyesoma Roma, sasa yuko bara huku huku kusini, na atatutumia sauti kwa WhatsApp.

1 Juni

Tumeanza na matamshi, maana hapo Mswahili ana mtaji tayari. A, e, i, o, u za Kiitaliano hazimtishi mtu aliyesoma Kiswahili, na mkazo mara nyingi unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Mwingereza anatumia miezi kujifunza kufungua mdomo kwenye "a", sisi tumeamka nayo.

Kinachotusumbua ni herufi. "C" ikikaa mbele ya e au i inakuwa "ch" yetu, lakini "ch" yao ni "k". Kwa hiyo "chi", yaani nani, inasomwa "ki", na "chiesa", kanisa, ni "kiesa". "Gn" ni "ny" ya nyama: "signora" ni sinyora, "bagno" ni banyo. "Sc" mbele ya e au i ni "sh", ndiyo maana samaki, "pesce", anaitwa peshe. "H" haisomwi kabisa. Tumekubaliana chini ya kila sentensi tuandike matamshi kwa herufi za Kiswahili: buongiorno, bwonjorno, grazie, gratsie.

Halafu kuna konsonanti zinazokazwa. Sista alipotuma sauti ya "anno", mwaka, aliirudia polepole, kisha akaandika: "Mwalimu, hapo n mbili, tafadhali, wasije wakaaibika mbele za watu." Kiitaliano humuuliza mtu ana miaka mingapi, "quanti anni ha?", na ukitamka n moja umeulizia kiungo ambacho mtu huwa nacho kimoja tu na hakitajwi mezani. Darasa lilivunjika kwa kicheko. Hakuna atakayesahau hizo n mbili.

4 Juni

Leo tumeingia kwenye sentensi zenyewe, na ile orodha imeanza kunitia shaka.

Mstari mmoja umeandikwa "Excuse me". Kiitaliano kinataka kujua kwanza unafanya nini. Unamwita mtu akusikilize? "Scusi." Unataka kupita katikati ya watu, au kuingia chumbani kwa mgeni? "Permesso." Hukusikia alichosema? "Come?" au "Prego?" Mstari unaofuata ni "Sorry", na huo nao ni miwili: kosa likiwa lako ni "scusi", mtu akiwa amepatwa na jambo ni "mi dispiace".

Vijana walikuwa wanahangaika kukariri mpaka mmoja wao, binti anayeuza mihogo ya kukaanga pale stendi, akauliza: "Sasa Mwalimu, hiyo si ni samahani na pole?" Ndiyo hiyo hiyo. Na "permesso" ya mlangoni ni hodi, wala haina tofauti. Ndani wanajibu "avanti", nasi tunajibu karibu. Kwa Kiingereza ungeuliza kama unaweza kuingia, sentensi nzima. Mswahili na Mwitaliano kila mmoja anarusha neno moja mlangoni na kungoja.

"Prego" nayo imekaa vizuri ukiitazama kwa upande wetu: mgeni akishukuru, prego, ukimwonyesha kiti, prego, ukimpisha mlangoni, prego. Tumeandika "karibu" mbele yake, ila anapowasili mgeni mwenyewe hapo ni "benvenuto" kwa mwanamume, "benvenuta" kwa mwanamke, "benvenuti" kwa kundi, na "benvenute" kundi likiwa la wanawake watupu. Karibuni yetu haijali jinsia.

"Pole na kazi" haina mwenzake. "Buon lavoro" ipo, ila hiyo ni kazi njema.

9 Juni

Nimechukua uamuzi: safu ya Kiingereza inaondoka. Kushoto tunaweka Kiswahili.

Sababu ya kwanza ni bomba. Kijana anayejua kwamba baridi kwa Kiingereza ni "cold" akikutana na Mwitaliano anayelalamika juu ya "caldo" atampelekea barafu. "Caldo" ni moto. Kwenye bomba la Kiitaliano herufi C ni maji ya moto, na F, "freddo", ndiyo baridi. Mtu asiyejua Kiingereza kabisa hawezi kukosea hapo. Anayekosea ni aliyesoma.

Sababu ya pili ni jemu. Orodha ina sentensi ya kumhakikishia mgeni kwamba jemu ya hotelini haina dawa za kuhifadhi, na neno la Kiingereza linavuta moja kwa moja kuelekea "preservativi". Hizo ni kondomu. Neno linalotakiwa ni "conservanti". Sista aliandika neno moja tu kwenye ujumbe wake: "Futeni." Baadaye akatuma mengine ya namna hiyo: "parenti" ni ndugu na jamaa, si wazazi; "educato" ni mwenye adabu, hata kama hakuona mlango wa shule; "camera" ni chumba cha kulala.

Lakini hata bila mitego hiyo, njia ya kupitia Kiingereza ni ndefu bure. Mwingereza "yuko" na njaa kwa namna yake, sisi tuna njaa, na Mwitaliano naye ana njaa: "ho fame". Nina kiu, "ho sete". Nina usingizi, "ho sonno". Nina haraka, "ho fretta". Nina miaka ishirini, "ho vent'anni". Ukurasa huo tuliumaliza jioni moja kabla ya Magharibi, na vijana walikuwa wanatunga wenyewe sentensi ambazo hazikuwamo. Polepole yetu ina pacha wake pia: "piano piano". Mzee wa baraza akauliza kama nao wana haraka haraka haina baraka. Wanayo: "chi va piano va sano e va lontano", aendaye polepole huenda salama na hufika mbali. Akasema hao watu wa kuongea nao.

11 Juni

Darasa nusu. Mikorosho imeanza kutoa maua, na walio na mashamba Nanyamba na Tandahimba wameitwa nyumbani kupuliza salfa. Hatukuendelea mbali. Tumeweka msemo mmoja tu, "in bocca al lupo", ya kumtakia mtu heri kabla ya usaili. Maana yake ni mdomoni mwa mbwa mwitu, na huwa inajibiwa "crepi", yaani afe. Mzee ametaka kujua mbwa mwitu huyo kakosa nini.

13 Juni

Majina. Leo ni siku ya Mtakatifu Antoni wa Padua, nikaona ndiyo siku ya kuanzia.

Majina ya ubatizo ya huku kwetu yana ukoo na ya kwao, maana yalikuja kwa njia ya Kilatini cha kanisa, na vokali za mwisho yameshavaa. Stefano ni Stefano, hakuna hata herufi ya kubadilisha. Paulo ni Paolo, Petro ni Pietro, Luka ni Luca, Marko ni Marco, Lusia ni Lucia (luchia), Fransisko ni Francesco. Ni pale mzazi alipochagua umbo la Kiingereza ndipo safari inakuwa ndefu: James ni Giacomo, William ni Guglielmo, Lawrence ni Lorenzo, Henry ni Enrico, Jane na Joan wote wanaishia Giovanna. Yakobo wetu ana kazi ya ziada: yule baba wa makabila kumi na mawili ni Giacobbe, mtume ni Giacomo. Itabidi kumuuliza mzazi alimkusudia yupi.

Kisha yako yanayobadilisha jinsia njiani. Andrea ni mwanamume Italia, kama alivyo mwanamume katika Biblia ya Kiswahili, lakini kwa Waingereza ni mwanamke. Nicola na Simone (simone, vokali zote zisomwe) ni wanaume. Programu ya tafsiri ya kwenye simu ilimgeuza binti aitwaye Michelle kuwa Michele, inayosomwa mikele, na huyo ni mwanamume mwenye ndevu zake. Ilitakiwa Michela. Programu hiyo hiyo ilimsoma Mark kama alama na Will kama kitenzi cha wakati ujao. Kwa majina tumeifunga.

Alice anaandikwa vile vile, anasomwa aliche. Kwa herufi ndogo "alice" ni samaki mdogo wa kundi la dagaa. Mwenye jina ameambiwa, amesema hata dagaa wana bei siku hizi.

Yenye maana ndiyo matamu zaidi. Neema ni Grazia. Furaha ni Gioia, jina halisi la watu. Tumaini ni Speranza. Bahati ni Fortunata, na Goodluck anaweza kuwa Bonaventura, jina la mtakatifu mkubwa wa Wafransisko aliyefariki mwaka 1274. Happiness ni Felicita. Noeli ni Natale, Pasaka ni Pasquale, wote wamezaliwa sikukuu. Nilipofika kwa Pili na Tatu nilidhani tumekwama, kumbe Waitaliano wa zamani nao walihesabu watoto: Primo, Secondo, Quinto, Settimio, Ottavio. Pili anakuwa Seconda bila kushona wala kudarizi. Na mchaga mmoja anayeendesha bajaji pale Chikongola, ameletwa na jina la Godlisten. Mungu husikia: kwa Kiebrania ndiyo maana ya Ishmaeli, na Simoni naye asili yake ni kusikia huko huko. Kwa hiyo ana uhuru wa kuwa Ismaele au Simone. Amesema atafikiri.

Amani imeshindikana kidogo. "Pace" ipo kama neno lakini si jina la kumwita mtu. Wenye maana hiyo wanaitwa Irene, kutoka Kigiriki. Subira ni "pazienza", na hilo hata usijaribu, kwa kuwa Mwitaliano akilisema peke yake kwa kushusha pumzi anamaanisha "basi, tufanyeje".

18 Juni

Darasa letu zaidi ya nusu ni Waislamu, na walikuwa wanangoja zamu yao.

Manabii wana njia: Ibrahimu Abramo, Musa Mosè, Daudi Davide, Suleimani Salomone, Yusufu Giuseppe, Yunusi Giona, Ayubu Giobbe, Zakaria Zaccaria, Hawa Eva, Yahya Giovanni. Wakafurahi. Mmoja akasema, "Mimi Issa." Issa ni Gesù. Nikamwambia hilo silifanyi. Italia hawampi mtoto jina hilo, na kijana akisimama mapokezi na kibao cha "Gesù" sijui nani ataanza kucheka na nani ataanza kusali. Atabaki Issa.

Hapo ndipo mjadala uliponoga. Kama Issa anabaki, Juma abadilishwe kwa nini? Hamisi na Mwanahamisi wamezaliwa Alhamisi, na Alhamisi ya Kiitaliano, "giovedì", haijawahi kuwa mtu. Jumapili ndiyo yenye watu: Domenico na Domenica. Dada mmoja alisema wazi kwamba jina lake alipewa na bibi yake kwa ngoma na kwa dua, na hatalivua kwa ajili ya mtu atakayekaa wiki moja kula pweza.

Niko upande wake. Waitaliano wenyewe hawafanyi tena hivyo. Zamani walimgeuza kila mtu: Thomas More ni Tommaso Moro mpaka leo, na Francis Bacon ni Bacone. Malkia wa Uingereza walimwita Elisabetta, mwanawe ni Carlo, lakini mjukuu wanamwita William, sio Guglielmo. Mapapa ndio waliobaki wakigeuzwa kila lugha, Giovanni Paolo kwao, Yohane Paulo kwetu. Na kuna wakati ugeuzaji ulikuwa wa nguvu: mwaka 1939 sheria ya enzi za Mussolini ilikataza raia kuwapa watoto wao majina ya kigeni. Kijitabu cha barazani kisifuate nyayo hizo.

Nimependekeza tufanye kinyume cha tulichofanya kwenye matamshi. Kule tuliandika Kiitaliano kwa herufi zetu. Kwenye kibao tuandike jina la mtu kamili, na chini yake kwa maandishi madogo, jina lile lile kwa herufi za Kiitaliano ili mgeni alisome sawa.

Tukajaribu hapo hapo kwa chaki sakafuni. Chausiku, likiachwa hivi, Mwitaliano atasoma Kausiku, tukaandika Ciausicu. Chiku angekuwa Kiku, Cicu. Shida, Scida. Juma, Giuma. Hadija anaweza kuandikwa Cadigia, na hapo Waitaliano walishatutangulia, ndivyo vitabu vyao vya zamani vilivyomwandika mke wa Mtume. Hamisi h yake itamezwa hata ufanyeje, atakuwa Amisi. Amina, Salma, Saidi na Neema hawahitaji kitu.

24 Juni

San Giovanni. Sista amesalimia Yohana wote wa darasa. Waitaliano wana desturi ya "onomastico", kumpongeza mtu siku ya mtakatifu mwenye jina lake: Giuseppe 19 Machi, Pietro na Paolo 29 Juni, Lucia 13 Desemba. Wakatoliki wa darasa hawakuhitaji maelezo, wao husema sikukuu ya somo. Waislamu wakasema somo ni mtu mnayeitwana jina moja. Tumeandika "somo" na kuongeza sentensi ya kutumia hotelini: "Buon onomastico!" Mfanyakazi akimwambia hivyo mgeni aitwaye Giuseppe tarehe 19 Machi, atakumbukwa.

27 Juni

Saa. Huu ukurasa ulihitaji ukali kidogo.

Mgeni anaambiwa kifungua kinywa ni "alle sette". "Sette" ni saba, na kijana aliyekariri namba vizuri kuliko wenzake anasikia saa saba, muda wa Adhuhuri, mapishi ya wali. Kumbe ni saa moja asubuhi. Tumechora duara la saa lenye namba za Kiswahili ndani na za Kiitaliano nje, kila namba ikitazamana na ya sita mbele yake, tukalipa ukurasa mzima.

Cha kuchekesha ni kwamba mababu zao walihesabu karibu kama sisi. Saa iliyomo ndani ya kanisa kuu la Firenze, ambayo uso wake ulichorwa na Paolo Uccello mwaka 1443, ina namba 24 na inahesabu tangu jua linapozama. Mzee aliposikia akasema basi waliharibikiwa njiani.

2 Julai

Heshima. Vijana wanaipenda "ciao" kwa sababu ni fupi, lakini "ciao" ni ya rika, ya mtu mliyezoeana. Kwa mgeni mtu mzima ni "buongiorno, signora", na kuanzia alasiri "buonasera". "Buonanotte" ni ya kwenda kulala tu. Na mtu wa kuheshimiwa haambiwi "wewe", anaambiwa "Lei", kitenzi kikienda kama unamsema mtu wa pembeni: "Come sta, signora?" ni kama kumuuliza bibi aliye mbele yako, "Bibi hajambo?" Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ilijaribu kuifuta "Lei" na kulazimisha "voi". Serikali ilianguka, "Lei" ipo.

Nikataja asili ya "ciao": Venezia, kutoka "s-ciavo", mtumwa wako. Kwenye mji kama huu, uliokuwa bandari ya misafara ya watumwa, neno hilo halikupita kimya. Mmoja akasema yeye hataitumia. Mzee akamkatiza: "Na shikamoo unaitoa kila siku. Unashika miguu ya nani?" Wakabishana mpaka adhana ikawatawanya.

8 Julai

Sabasaba imetukatiza, lakini rasimu iko steshenari. Ukurasa wa mwisho ni wa maneno yanayofanana sura na ya kwetu: "sì" yao ni ndiyo, wakati "si" yetu inakataa, "mia" ni yangu, "casa" ni nyumba, wala haina magamba, "pera" ni tunda jingine, hivyo juisi ya mapera iandikwe "succo di guava". Na "pesa" ni kitenzi cha uzito. Mwitaliano sokoni akikushikia kolekole na kuuliza "quanto pesa?", mpe kilo. Bei atauliza "quanto costa?"

Kompyuta ya steshenari imesahihisha Ciausicu kwa ukaidi wake ikaweka neno jingine kabisa. Imebidi mwenye duka azime ule usahihishaji. Vibao vinakatwa kesho. Godlisten amefikiri, ameleta jibu: Godlisten juu, na chini hataki kitu, mgeni ahangaike.